Ajitwike, Asitwikwe: Hotuba kuhusu Maana ya Msalaba

(Hotuba hii ilitolewa jijini Mbeya wakati wa Kwaresima, mbele ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali wa Nyanda za Juu Kusini, na msemaji ameiandika upya kwa ajili ya wasomaji.)

Waheshimiwa wachungaji na mapadre, watawa, wazee wa kanisa, makatekista, akina mama, wanakwaya na vijana: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Nimetoa salamu zote mbili kwa makusudi, kwa kuwa humu ndani tumechanganyika, na mliotoka Iringa na Njombe pokeeni pia kamwene, kama waliotoka Rungwe na Kyela wanavyopokea ugonile. Nimeombwa nizungumze juu ya maana ya msalaba kama alama ya imani yetu. Mimi si mchungaji. Nilifundisha historia hadi nilipostaafu, na kabla ya hayo yote nilikuwa mtoto wa seremala, na huko ndiko nitakakoanzia.

Marehemu baba yangu alikuwa na kibanda cha useremala upande wa Tukuyu, na kazi iliyomjia bila taarifa, mara nyingi usiku, ilikuwa jeneza pamoja na msalaba wa kaburi. Jeneza lilikuwa na vipimo, maana lazima limtoshe mtu. Msalaba haukuwa na kipimo. Alichukua mbao mbili, akachimba kila moja nusu ya unene wake mahali zinapokutana, akailaza moja ndani ya nyingine mpaka uso ukawa sawa, akapigilia misumari miwili na kuupaka rangi nyeupe, kisha akaniachia mimi niandike jina kwa rangi nyeusi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa umesifiwa shuleni. Kwa hiyo alama hii niliijua kwa harufu ya maranda na rangi ya mafuta kabla sijaijua kwa mafundisho ya kipaimara. Kwangu ilikuwa kitu kisafi, cheupe, cha heshima, kilichobebwa na mjukuu mbele ya jeneza huku watu wakivua kofia. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nilikuwa nimeanza kuisoma habari hii kutoka ukurasa wa mwisho.

Ukurasa wa kwanza unanuka. Warumi hawakuubuni msalaba, waliukuta kwa mataifa mengine. Lakini wao ndio walioufanya kuwa chombo cha utawala. Ilikuwa adhabu ya watumwa, waasi na watu wasio na uraia. Raia wa Rumi kwa kawaida hakuguswa nayo. Mwaka 71 KK, baada ya kuushinda uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, jemadari Crassus aliwasulubisha mateka wapatao 6,000 kandokando ya barabara kutoka Capua hadi Rumi. Huo ni umbali usiopungua ule wa kutoka hapa Mbeya hadi Makambako. Hebu fikirini basi linatoka hapa, na njia nzima mpaka pale tunaposhuka kununua chakula, pembeni mna watu waliotundikwa, wengine bado wakipumua. Ndiyo maana nasema kwamba kuua ilikuwa sehemu tu ya kazi ya msalaba. Kwa kuua, upanga ulitosha. Msalaba ulitakiwa kumwanika mtu uchi mbele ya wapitanjia, hata jamaa zake waone haya kulitaja jina lake, na kila mwenye wazo la kuinua kichwa akiinamishe mapema.

Mwaka 1968, huko Yerusalemu, wachimbaji walikuta ndani ya sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa kisigino cha mtu aliyeitwa Yehohanan, na msumari ukiwa bado umepita katikati ya mfupa. Ncha ya msumari ilikuwa imepinda, na inadhaniwa ilikutana na fundo la mti, hata waliomshusha wakashindwa kuuchomoa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba, ambaye alikuwa akiukwepa ubao wenye fundo kwa sababu hiyo hiyo. Nilikaa kimya kwa muda. Mtu aliyeupigilia msumari ule naye alikuwa fundi, na pengine siku ile alilalamikia ubora wa mbao.

Tusidhani kwamba sisi wa kusini tunahitaji kwenda mpaka Rumi ili kulielewa jambo hili. Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea, Wajerumani waliwanyonga zaidi ya wanaume 60 wa Kingoni kwa kosa la kupigana katika Vita vya Majimaji, na walizikwa pamoja katika kaburi moja kubwa. Wengi wenu mmefika kwenye makumbusho yale. Sasa nawauliza, na naomba swali hili lisichukuliwe kuwa ni dhihaka kwa mashujaa wetu: ni nani kati ya wajukuu zao ambaye, miaka 20 baada ya siku ile, angechonga kitanzi kidogo cha dhahabu na kukivaa shingoni? Nani angekiweka kitanzi juu ya paa la nyumba ya ibada, au angemchorea mtoto mchanga kitanzi kwenye paji la uso na kusema, huu ndio wokovu wako? Tungesema mtu huyo ameingiliwa na wazimu. Basi Paulo alipowaandikia Wakorintho kwamba neno la msalaba kwao wanaopotea ni upuuzi, hakuwa akitafuta neno la kupamba waraka. Alikuwa akiripoti watu walivyomjibu sokoni.

Na kwa Wayahudi wenzake jambo lilikuwa zito zaidi ya upuuzi, kwa kuwa Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21, ilikwisha kusema kwamba aliyetundikwa juu ya mti ni laana ya Mungu. Wazee wetu wangelielewa hilo haraka kuliko sisi. Katika jamii nyingi za kwetu, mtu aliyekutwa ananing'inia mtini hakuzikwa kama wengine, kilio chake hakikuwa kilio cha kawaida, na hata mti wenyewe ulitazamwa kwa hofu. Paulo hakujaribu kuukwepa mstari ule. Aliuchukua na kuuandika tena katika Wagalatia 3:13, akisema Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye moyo wa maana ya msalaba. Mungu hakutuma salamu za pole kwa walioaibishwa, akiwa amesimama upande wa pili wa barabara. Alikwenda kutundikwa pamoja nao.

Lugha yetu wenyewe imehifadhi kumbukumbu ya ukurasa ule wa kwanza, ingawa hatuisikilizi. Neno msalaba limetujia kutoka Kiarabu, pamoja na kitenzi kusulubu. Na karibu nalo, kwa herufi zile zile tatu za mzizi, tunalo neno sulubu, ambalo kwa Kiswahili ni nguvu na pia ni kazi ngumu ya kutoa jasho. Mfungwa alipohukumiwa kifungo na kazi ya sulubu, hakuna aliyefikiria kanisa. Lakini sikio linalotulia litasikia kwamba maneno haya yanaishi nyumba moja: nguvu, mateso na mti.

Kwa kuwa aibu ile ilikuwa bado mbichi, Wakristo wa mwanzo hawakuwa na haraka ya kuuchora msalaba. Walichora samaki, kwa sababu herufi za neno la Kigiriki la samaki ni mianzo ya maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi, walichora nanga, walichora mchungaji amebeba kondoo. Msalaba waliuchora kwa kidole. Tertullian, Mwafrika wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Tunisia, aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba waamini walijichora alama hiyo kwenye paji la uso walipotoka na walipoingia, walipovaa, walipoketi mezani, walipowasha taa. (Ndugu zangu wa upande wa Kiprotestanti wanaodhani kwamba kufanya ishara ya msalaba ni jambo lililobuniwa juzi na Wakatoliki, naomba walitafakari hilo watakapofika nyumbani.) Mchoro wa zamani sana tulio nao wa mtu msalabani haukuchorwa na Mkristo. Uko Rumi, ulikwaruzwa ukutani kwenye kilima cha Palatino, pengine karibu na mwaka 200, na unamwonyesha mtu mwenye kichwa cha punda akiwa msalabani, na chini yake kijana ameinua mkono, pamoja na maandishi yasemayo kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Ni mzaha wa aina ile ile tunayoikuta kwenye kuta za vyoo vya stendi. Hatujui mwisho wa Alexamenos ulikuwaje, lakini kwa muda wa karne nyingi amesimama pale, mkono juu, mbele ya jambo ambalo wenzake waliliona la kuchekesha.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 312, Kaisari Konstantino aliposhinda vita kwenye Daraja la Milvio na kuuhusisha ushindi wake na alama ya Kristo. Baadaye adhabu ya kusulubisha ilikomeshwa katika dola yake, na mwaka 335 likawekwa wakfu kanisa kubwa huko Yerusalemu mahali panapoaminika kuwa pa kaburi la Bwana. Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, tarehe 14 Septemba, inatokana na mambo ya wakati ule. Ni hapo tu, watu waliowahi kumwona msulubiwa kwa macho walipokuwa wamekwisha kufa, ndipo wasanii walipoanza kumchonga Kristo msalabani bila woga. Mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina huko Rumi, wa karibu mwaka 432, unamwonyesha amesimama kati ya wanyang'anyi wawili, mikono imefunguka kama mtu anayesali, na mti wenyewe hauonekani vizuri. Fundi yule alikuwa bado anasitasita. Lakini kusitasita huko kulipoisha, ikaja hatari nyingine ambayo sisi tunaishi nayo hadi leo, yaani kwamba alama ya aliyeshindwa na wenye nguvu sasa ilibebwa na wenye nguvu, kwenye ngao, kwenye taji na kwenye bendera. Ilipofika kwetu mwaka 1891, Wamoravian walipojenga Rungwe na Waberlin, yaani wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, walipokaa jirani nao, na miaka michache baadaye Wabenediktini walipofika Uhehe na kuanzisha Tosamaganga, ilifika katika kizazi kile kile kilicholeta bunduki. Wamisionari wengi walikuwa watu wema, na sitaki kuwasema vibaya wafu. Hata hivyo babu zetu walikuwa na haki ya kuuliza alama ile ilikuwa upande wa nani, wa anayenyonga au wa anayenyongwa.

Najua mnasubiri nigusie suala la msalaba wenye mwili na msalaba mtupu, kwa sababu kila tunapokutana linachomoza wakati wa chai. Husemwa kwamba Wakatoliki wamemwacha Yesu msalabani na Waprotestanti wamemshusha kwa kuwa amefufuka. Usemi huo ni mtamu lakini una pengo. Zwingli, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa Uswisi, aliziondoa sanamu makanisani Zürich mwaka 1524, na walio katika mkondo wake hawana sanamu ya Aliyesulubiwa. Luther, mwenzake wa Ujerumani, hakumfuata, na makanisa mengi ya Kilutheri ya Ujerumani yanayo mpaka sasa. Ua la Luther, ambalo ndugu wa KKKT, Kanisa la Kilutheri la hapa kwetu, wanalijua vizuri, lina msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, na Luther mwenyewe alieleza mwaka 1530 kwamba ni mweusi kwa sababu unafisha na unauma, lakini hauuharibu moyo rangi yake. Wamoravian nao wana Mwanakondoo, akishika bendera yenye msalaba, na maneno kwamba Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Je, hiyo ni alama ya mauti au ya ufufuo? Ni zote mbili kwa pamoja, kama Injili ya Yohana inavyoonyesha, ambapo Yesu aliyefufuka anatambuliwa na Tomaso kwa makovu. Anayeutazama mwili msalabani asisahau Jumapili. Anayeutazama mti mtupu asisahau kwamba kulikuwa na mtu hapo.

Kuhusu umbo sitakaa sana. Wako jirani zetu wanaosema ulikuwa mti mmoja ulionyooka, nao wanauita mti wa mateso. Neno la Kigiriki kweli linaweza kuwa na maana hiyo, ingawa waandishi wa Kirumi wanataja pia boriti ya kukingama ambayo aliyehukumiwa aliibeba mwenyewe. Wengine wanahubiri kwamba ubao wa wima ni uhusiano wetu na Mungu na ule wa kulala ni uhusiano wetu na jirani. Ni mfano mzuri wa kuwafundishia watoto, na mimi mwenyewe nimeutumia, lakini Warumi hawakuukata mti ule ili kutufundisha mahusiano, na maana inayotegemea pembe za mbao itapotea siku mbao zitakapolegea.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hirizi. Siku hizi hapa mjini misalaba inauzwa ikiwa imeombewa, huu wa biashara, huu wa mtihani, huu wa kufukuzia wachawi, huu wa kuning'iniza kwenye kioo cha bajaji ili isipate ajali, na bei inategemea nguvu inayodaiwa. Jirani yangu mmoja aliuza kuku watatu ili apate mmoja. Mtu akikemea huambiwa hana imani. Basi tusome pamoja kitabu cha Hesabu, sura ya 21. Musa aliagizwa na Mungu mwenyewe aitengeneze nyoka ya shaba, aliyeumwa akiitazama apone. Na Yesu, katika Yohana 3:14, aliichukua nyoka ile kuwa mfano wa kuinuliwa kwake. Hakuna alama yenye nasaba ya heshima kuliko hiyo. Lakini karne nyingi baadaye watu waliifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande. 2 Wafalme 18:4 inaliandika jambo hilo kama tendo la kumsifu. Kama alama aliyoiagiza Mungu ilivunjwa ilipogeuka kuwa hirizi, sioni kwa nini ya kwenye bajaji isalimike. Kwanza, tukumbuke, aliyekuwa karibu kabisa na msalaba siku ile, mwili wake ukigusana na mti wenyewe, msalaba haukumkinga na lolote.

Sasa nifike mahali nilipokusudia kufika tangu mwanzo. Katika Marko 8:34 Bwana anasema kwamba mtu akitaka kumfuata, ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, amfuate. Waliotafsiri walichagua neno kujitwika, na sisi wa nyanda hizi tunalijua kwa shingo zetu. Mama anayetoka shambani na mkungu wa ndizi akiutua njiani kupumzika, humwomba mpita njia, nitwike. Na akifika nyumbani husema, nitue. Mzigo wa kichwani kwa kawaida ni kazi ya watu wawili. Anayejitwika ameinama peke yake, ameusoma uzito kwa mikono yake, na ameamua. Huo ndio msalaba wa Injili: mzigo ambao mwenyewe ameinama kuuchukua, kwa sababu ya mtu anayemfuata.

Lakini tumelifanyia nini neno hili? Mama anakuja kwa mzee wa kanisa, jicho limevimba, meno yamelegea, na anaambiwa, mwanangu, huo ndio msalaba wako, vumilia. Binti aliyepeleka shauri la kudhulumiwa shamba na baba zake wadogo anaambiwa, achia, ni msalaba. Nilikuwapo katika kikao kimoja cha namna hiyo, nikiwa kijana, nikanyamaza; sikitaji kilikuwa wapi, kwa kuwa aibu ya kunyamaza ni yangu. Huko si kujitwika, ni kutwikwa. Na katika Injili wanaowatwika watu misalaba wanajulikana: ni Pilato na askari wake. Hata Simoni wa Kirene, mtu kutoka Afrika ya kaskazini, katika nchi tunayoiita leo Libya, hakuombwa. Marko anasema walimshurutisha, akiwa anapita tu kutoka shamba. Kanisa limemheshimu Simoni kwa haki, lakini hakuna mahali ambapo limewaheshimu waliomshurutisha. Bwana mwenyewe, katika Mathayo 23:4, aliwashutumu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani wakati wao hawataki kuigusa kwa kidole. Serikali inahimiza kumtua mama ndoo kichwani; itakuwa ajabu kubwa ikiwa kisima kitamtua ndoo na sisi tumrudishie kichwani kitu kizito zaidi, tena kwa jina la Yesu.

Kwa hiyo nikiulizwa na vijana, kama nilivyoulizwa mlangoni asubuhi, ikiwa kuvaa msalaba wa shingoni ni sawa, jibu langu ni kwamba uvaeni, mradi mjue mmevaa nini. Mmevaa chombo ambacho wakubwa walikitumia kuwaaibisha wadogo, na ambacho Mungu alikichagua akiwa upande wa wadogo. Ukiwa nao shingoni na bado mkono wako ndio unaopigilia msumari, mavazi yako yanakusuta.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie kwa tangazo nililokabidhiwa na kamati. Ijumaa Kuu tutafanya Njia ya Msalaba pamoja, madhehebu yote, vituo 14, na tutaanza saa mbili asubuhi ikiwa mvua itaruhusu. Anayeweza aje na mabuti, kwa maana njia ya kupandia kilimani ina utelezi. Msalaba umetengenezwa kwa mbao za paina kutoka Mafinga, nao ni mzito, kwa sababu mbao bado zina maji. Mwaka jana vijana wawili walisukumwa mbele na wenzao wakaubeba huku wamenuna. Mwaka huu hatutamtaja mtu. Utalazwa chini mbele ya mlango, na atakayetaka ataukuta hapo.